Nyoka Anapoingia Nyumbani

Hakuna nyumba katika Mkoa wa Songwe, iwe ya tofali za kuchoma na bati kule Vwawa, iwe ya udongo na nyasi katika bonde la Kamsamba, au iwe chumba cha kupanga katikati ya mji wa Tunduma ambako maroli ya kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni usiku na mchana, iwezayo kujidai kwamba nyoka hataingia humo kamwe. Na maadamu jambo hili laweza kumfika tajiri na fukara, ni wajibu wa kila mwenye nyumba kulitafakari mapema, moyo ukiwa umetulia, kabla ya usiku ule ambapo mtoto atapiga kelele chumbani na watu wazima wakakurupuka usingizini, huyu na panga, yule na mchi, kila mmoja akitenda litakalomjia kwanza kichwani.

Ninayotaka kuyasema ni haya. Nyoka huingia nyumbani kwa sababu zinazojulikana, na sababu hizo twaweza kuziondoa kwa mikono yetu. Tena wengi hudhurika naye ama katika dakika chache za taharuki, ama katika saa ndefu zinazopotezwa baada ya kuumwa, kabla mgonjwa hajafikishwa kwa tabibu. Basi anayetaka kuwahifadhi watu wake hana budi kujifunza mambo matatu: kumnyima nyoka sababu ya kuingia, kujizuia asimkabili akiisha kuingia, na kutopoteza wakati lau mtu ataumwa.

Tuanze na kinachomleta. Nyoka hana shauri na binadamu. Hamli, hamtafuti, wala hamwekei kisasi. Haja zake ni chakula, maji na mahali pa kujisitiri, na akionekana ndani mwetu aghalabu huwa ameifuata mojawapo ya haja hizo. Katika wilaya za Mbozi na Momba mahindi huvunwa wakati mvua zimekwisha, na kwa kuwa maghala hayatoshi, magunia hupangwa sebuleni, darini, au hata chini ya kitanda anacholalia mtu. Gunia moja likitoboka, panya wamepata karamu. Na panya wakishazoea kupita ukutani usiku baada ya usiku, huacha njia ya harufu ambayo nyoka huisoma kwa ulimi wake wenye ncha mbili, akiutoa na kuurudisha kinywani, mpaka afike chini ya magunia yale yale. Mwenye nyumba hushangaa nyoka amelijuaje jiko lake, ilhali yeye mwenyewe ndiye aliyewalisha panya waliomchorea njia.

Majira nayo yana sehemu yake. Kati ya Agosti na Oktoba, mashamba na mapori yanapochomwa moto ili kuandaa kilimo, kila kiumbe kilichokuwa kikijificha majanini hukimbilia palipo salama, na mara nyingi palipo salama ni uani kwa mtu. Mvua za Novemba zikianza, mashimo hujaa maji na waliomo hutoka. Jioni, taa ya kibarazani huwaita kumbikumbi; kumbikumbi huwaita vyura; na nyuma ya vyura huja nyoka, polepole, kando ya ukuta, akifuata riziki yake. Ajabu ya jambo hili ni kwamba mnyororo wote huo huanzia kwenye swichi ya taa, ambayo mtu angeweza kuizima asipokuwa na haja nayo.

Hapa sina budi kusema waziwazi jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona. Katika vijiji vyetu, na hata mjini, nyoka akionekana chumbani wapo watakaodai kwamba ametumwa, na papo hapo macho huelekezwa kwa jirani fulani, kwa mke mwenza, au kwa bibi kizee asiye na wa kumtetea. Shutuma hizo zimevunja udugu ambao haukuunganika tena, na mahali pengine zimemwaga damu ya wasio na hatia. Siandiki ili kuidharau itikadi ya mtu. Nasaha yangu ni kwamba kabla hajamtaja jirani yake, msomaji ashike tochi aangalie chini ya magunia, nyuma ya kabati na pembeni mwa mlango. Akikuta kinyesi cha panya na upenyo wa kupitia kidole, basi amekwisha kumpata aliyemleta nyoka.

Sasa tuwatazame wageni wenyewe, kwani si wote walio na hatari moja. Mkoa huu, uliotengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, una nyanda za juu zenye baridi pande za Mbozi, Ileje na Tunduma, kisha huteremka kuelekea Ziwa Rukwa, kwenye joto la Kamsamba na Ivuna. Na nyoka hutofautiana kama hali ya hewa inavyotofautiana. Wa kwanza kuogopwa ni kifutu, ambaye pia huitwa bafe au moma. Ni mnene, mfupi, mwenye kichwa kipana na mabaka ya rangi ya majani makavu. Hatari yake imo katika ukimya wake, kwani hakimbii asikiapo hatua za mtu bali hulala palepale akitumaini kwamba haonekani, mpaka mguu umkanyage. Akikasirika huvuta pumzi na kuitoa kwa sauti kubwa, na sauti hiyo ni onyo la kushukuriwa. Jike lake hatagi mayai. Huzaa watoto hai, na wazao wake kwa mara moja waweza kupita ishirini, kila mmoja akiwa na sumu yake tangu siku ya kwanza.

Wa pili ni swila, naye hutema. Akijiona amebanwa huinua kichwa, hutanua shingo, kisha huyarusha mate yake ya sumu kuelekea usoni mwa mtu kwa umbali wa mita mbili au zaidi, na yakiingia machoni huleta maumivu makali kabisa na, yasiposafishwa hima, yaweza kuleta upofu. Swila huyu hupenda mayai, vifaranga na panya, na ndiye anayeripotiwa kuwauma watu waliolala, hasa walalao mkekani chini. Wa tatu ni koboko, mkaaji wa nchi za joto, ambaye maskani yake ni vichuguu vilivyoachwa, mapango ya mawe na mashina yenye uvungu. Wengi humtafuta nyoka mweusi, kumbe ngozi yake ni ya kijivu au ya kahawia isiyokoza, na weusi wake umo kinywani. Sumu yake haivimbishi sana, bali hulegeza misuli: kope huanguka, ulimi huwa mzito, na mwishowe pumzi hukata. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba pasipo uvimbe hapana hatari.

Kadhalika wapo wasio na madhara, nao ni wengi kuliko tunavyodhani. Nyoka wa kahawia mwenye mistari hafifu ya rangi ya maziwa kando ya macho, anayeonekana usiku jikoni au stoo, kazi yake ni kula panya na mijusi, wala hana sumu ya kumdhuru mtu. Yule mla mayai aingiaye bandani mwa kuku hana hata meno ya maana. Hujifanya mkali kwa kusugua magamba yake yakatoa sauti kama ya kifutu. Hata chatu, pamoja na ukubwa wake, hana sumu, ingawa kuku na mbuzi wana kila sababu ya kumwogopa, tena naye analindwa na sheria za wanyamapori, hivyo aachiwe maafisa wa wanyamapori wa wilaya.

Hata hivyo ujuzi huu usimtie mtu kiburi cha kumshika nyoka ati kwa kuwa amemtambua. Yuko nyoka mmoja mwembamba, mweusi au wa kahawia iliyokoza, aishiye ardhini na kujitokeza baada ya mvua, ambaye watoto hudhani ni mdudu wa kuchezea. Huyu hata akishikwa nyuma ya kichwa, kama mabingwa wanavyowashika wengine, aweza kulitoa jino lake pembeni mwa mdomo na kumchoma aliyemshika pasipo kufungua kinywa. C. J. P. Ionides, Mwingereza aliyekuwa mlinzi wa wanyama kule Liwale na baadaye akakaa Newala akikamata nyoka kwa maelfu hadi alipofariki mwaka 1968, alisifika kwa kazi hiyo pande zote za Afrika Mashariki, na pamoja na umahiri wake wote aliumwa mara nyingi. Ikiwa bingwa hakusalimika, mwanagenzi atafute nini?

Basi umefungua mlango wa stoo, taa ya simu mkononi, ukamwona amejikunja kando ya debe la unga. Ufanye nini? Kwanza simama. Mtu anayerukaruka gizani huenda akamkanyaga yule anayemkimbia. Kisha rudi nyuma taratibu, hatua kwa hatua, pasipo kumwondolea macho, mpaka kati yako na yeye pawe na mita tatu au nne. Na kama ameinua kichwa na kutanua shingo, geuza uso au ukinge macho kwa mkono, kwa kuwa swila hulenga uso. Watoe watoto, wazee, mbwa na paka chumbani, kwani mbwa atamchokoza na paka atamfukuzia chini ya kitanda, akawa mahali pagumu zaidi kuliko alipokuwa.

Baada ya hapo amua jambo moja: je, chumba hicho kina mlango wa kutokea nje? Kama upo, ufungue, ifunge ile mingine yote inayoelekea ndani, ziba upenyo wake wa chini kwa kanga au gunia lililokunjwa, kisha mwachie nyoka utulivu. Nyoka aliyeachwa bila kelele hutafuta njia ya kutoka, na mara nyingi huondoka usiku uo huo. Ili ujue kwa yakini kama ameondoka, nyunyiza majivu laini au unga kizingitini, upana wa kiganja, kutoka nguzo hadi nguzo. Asubuhi utauona mburuto wake ulivyopita na umeelekea wapi, nawe hutalazimika kuishi wiki nzima kwa hofu ya kitu ambacho hakimo tena. Kama chumba hakina mlango wa nje, kifunge, ziba chini, mwache mtu mmoja aangalie kwa mbali, na utafute msaada. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114 bila malipo. Na palipo mbali na mji, mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji hujua jinsi ya kumfikia afisa wanyamapori, au humjua mtu aliyezoea kazi hiyo.

Najua yupo atakayeuliza, kwa haki kabisa, afanye nini aliye Mkwajuni au Chitete usiku wa manane, ambako hakuna mwokoaji wa karibu. Jibu langu halibadiliki: umbali na subira vina faida kuliko rungu. Wapo walioumwa nyumbani, mkononi au mguuni, wakiwa wanamwendea nyoka, ama wakimpiga kwa fimbo fupi, ama wakimgusa wakidhani amekwisha kufa. Kichwa kilichokatwa chaweza kuuma kwa muda baada ya kutenganishwa na mwili; kwa hiyo hata nyoka aliyeuawa asiokotwe kwa mkono, na watoto wasipewe mzoga wake wautembeze kijijini.

Ama kuhusu dawa za kumfukuza, nazijua zinazosifiwa: mafuta ya taa yakimwagwa kuzunguka nyumba, kitunguu saumu kilichopondwa, tumbaku, chumvi, matairi yanayochomwa. Hakuna hata moja iliyothibitishwa kwamba humzuia nyoka, na baadhi zina madhara ya wazi. Mafuta ya taa yaliyomwagwa karibu na jiko la mkaa ni mwaliko wa moto, na chupa yake ikiachwa chini, mtoto mdogo aweza kuyanywa mafuta hayo. Mtu akishamwaga mafuta hayo huridhika, na akiridhika haendi kuziba upenyo. Basi hasara yake ni maradufu.

Kinga iliyo mujarabu ni kazi ya mikono, nayo haina gharama kubwa. Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta ni kana kwamba walikuwa wakitazama nyumba zetu. Chini ya mlango pigilia kipande cha ubao, au cha mpira wa tairi kuukuu, kiguse sakafu mpaka mwanga usipite. Zile nafasi zinazobaki kati ya ukuta na bati zijazwe udongo au saruji. Matundu ya hewa yawekwe wavu mgumu. Shimo la maji machafu lifunikwe. Na matawi ya miti yanayogusa paa yakatwe, kwa sababu wapo nyoka ambao kwao tawi ni daraja. Mahindi yatolewe chini ya vitanda, yawekwe juu ya vichanja au katika kihenge kilichoinuliwa kwa nguzo, na anayejaliwa uwezo anunue kihenge cha bati, ambacho jino la panya halikipenyi. Kuku walale bandani, mbali kidogo na chumba cha kulala, na mayai yaokotwe kila jioni.

Kisha nenda nyuma ya nyumba. Watu wetu hujenga kwa uvumilivu: mwaka huu wanafyatua na kuchoma tofali, mwaka ujao wanainua msingi, na bati huja mazao yakiuzika vizuri. Tofali zinazosubiri hurundikwa ukutani zikaota nyasi, zikatunza joto la jua hadi usiku, na kila nafasi kati ya tofali na tofali ikawa chumba tayari kwa kifutu. Siwaambii watu waache kujenga hivyo, kwani ndivyo umaskini unavyoshindwa. Nawaambia walundike tofali hizo hatua kumi au zaidi kutoka nyumbani, wazipange wima na kwa unadhifu, wafyeke nyasi pembeni, na siku ya kuzitumia wazisogeze kwanza kwa jembe la mpini mrefu, wasitie mkono wasipopaona. Kanuni iyo hiyo ni ya kuni: mwanamke anayetoa ukuni alfajiri katika lundo lenye giza, pasipo tochi, anajitia hatarini kila siku ya Mungu, na taa ndogo aliyonunuliwa na mumewe ni heshima kwake kuliko kanga mpya.

Ndani ya nyumba pia kuna desturi chache za kushikwa. Usiku mtu asiende chooni pekupeku wala gizani. Viatu, hasa gambuti zinazoachwa kibarazani, zikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Anayeweza alale kitandani badala ya mkekani. Na chandarua, ambacho tumepewa kliniki kwa ajili ya mbu wa malaria, kichomekwe chini ya godoro pande zote. Kikifungwa hivyo, humzuia nyoka asipande kwa mlalaji, na hivyo nguo moja hutukinga na adui wawili.

Lau, pamoja na hadhari zote, mtu ataumwa, hapo ndipo hekima hupimwa. Mwondoe mbali na nyoka, mlaze, umtulize kwa maneno ya upole, kwa kuwa hofu na mwendo huuharakisha moyo. Mvue pete, bangili, saa na kiatu kabla ya uvimbe kufika. Kiungo kilichoumwa kifungwe gango, yaani ubao au fito mbili zenye kitambaa, kama ifanyikavyo kwa mfupa uliovunjika, ili kisitikisike. Vitambaa visikaze mpaka damu ishindwe kupita. Kama anatapika au amepoteza fahamu, mlaze ubavu. Sumu ikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi yanayotiririka, dakika kumi na tano au ishirini bila kuacha, jicho likiwa limefunguliwa, wala usilisugue. Maji yakikosekana, maziwa yatafaa. Halafu safari ya hospitali ianze.

Yasiyofaa ni mengi, nayo ndiyo yanayopendwa. Usichanje kwa wembe, usinyonye kidonda kwa mdomo, usifunge kamba ya kukaza, usimwage mafuta ya taa, usitie barafu, usimpe pombe, na usimpe aspirini, kwani sumu ya baadhi ya nyoka huzuia damu kuganda na dawa hiyo huzidisha adha. Ukimkuta mgonjwa amekwisha kufungwa kamba ya kukaza kwa muda mrefu, usiifungue ghafula njiani, mwachie tabibu.

Laiti kila mtu angeelewa kwa nini jiwe jeusi linalowekwa juu ya jeraha, na majani ya mganga, huonekana yanaponya! Nyoka wasio na sumu ni wengi, na hata mwenye sumu mara nyingine huuma pasipo kutoa sumu, au hutoa kidogo mno. Mgonjwa wa namna hiyo angepona hata kama angewekewa kipande cha mkaa, lakini kwa kuwa aliwekewa jiwe, jiwe ndilo linalosifiwa, na habari hizo huenea mpaka siku anapokuja aliyeumwa kwelikweli, akalazwa kwa mganga siku mbili jiwe likiwa mguuni na nyama ikioza chini yake. Nawaheshimu waganga wetu kwa yale wanayoyajua, na nawasihi, kwa jina la watoto wanaoletwa kwao, wawe wa kwanza kumpandisha mgonjwa huyo garini.

Na gari lisipopatikana, bodaboda itumike: mgonjwa aketi katikati, na mtu mwenye nguvu nyuma yake amshike asianguke, dereva aende kwa uangalifu. Wakati mgonjwa anaandaliwa, mtu mwingine apige simu kituo cha afya, aulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, ili safari isielekee mahali ambapo haipo. Kutoka Tunduma yapo matibabu ya mjini na ya Vwawa, na kwa hali nzito ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, mwendo wa kilomita zipatazo 100 kwa barabara kuu, ambayo foleni ya maroli huweza kuirefusha. Kwa hiyo uamuzi ufanywe mapema. Nyoka mwenyewe asifukuzwe ili apelekwe hospitalini. Picha ya simu iliyopigwa kwa mbali yatosha, na ikikosekana, saa aliyoumwa na dalili zilizofuata zitamsaidia daktari.

Dawa yenyewe, antivenomu, si mpya. Albert Calmette wa Ufaransa aliitengeneza ya kwanza katika miaka ya 1890, na hadi leo aghalabu hupatikana kwa kumzoesha farasi sumu kidogo kidogo, kisha kuichukua ile kinga iliyojengeka katika damu yake. Hupitishwa mshipani, hospitalini, chini ya macho ya wauguzi, kwa sababu mwili wa mgonjwa huenda ukaikataa kwa ghafula. Kwa hiyo si dawa ya kuwekwa kabatini nyumbani. Ni ghali, na uhaba wake katika nchi nyingi za Afrika ni dhuluma inayowapata wakulima kuliko watu wa mijini. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 lilitia madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu hiyo, na mwaka 2019 lilitangaza azma ya kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Azma hiyo haitatimia Geneva peke yake. Itatimia pia pale diwani wa Momba atakaposimama katika kikao cha halmashauri na kuuliza zahanati za kata yake ziko umbali gani na dawa hiyo, na kutoketi mpaka ajibiwe.

Hilo ni la viongozi, lakini sisi wengine hatuhitaji kibali cha mtu ili tuanze. Kijiji kinachokutana kwa ajili ya barabara chaweza kutenga nusu saa ya mkutano uo huo kuamua nani ana gari la kuaminika usiku, namba ya kituo cha afya ibandikwe wapi, na walimu wawafundishe watoto jambo moja tu walikumbuke maisha yao yote: ukimwona nyoka, simama, rudi nyuma, mwite mkubwa. Na mwenye nyumba, kabla mvua za Novemba hazijaanza, achukue siku moja ya mapumziko, aanze na upenyo wa chini ya mlango, aende kwenye magunia, amalizie kwenye rundo la tofali. Kazi hiyo ikifanywa na nyumba kumi zinazopakana, panya watapungua katika mtaa mzima, na nyoka atakayepita huko hatakuwa na sababu ya kugeuza kichwa kuelekea mlangoni kwa mtu.